Bili ya Paa la Nyumba ya Wazazi Tanga: Tathmini ya Duka la Mabati na Mafundi Wake

Makadirio ya kwanza niliyopewa yalikuwa shilingi 5,800,000, "kila kitu ndani yake", na aliyeyatoa ni fundi aliyesimama uani, akatazama juu kwa muda usiozidi dakika tano, kisha akahesabu vyumba kwa kidole. Kazi ilipokwisha nilikuwa nimelipa shilingi 9,817,000. Sikumlipa fundi huyo, bali duka la mabati ambalo ndilo ninalolitathmini hapa, na pamoja na ukubwa wa tofauti hiyo sijutii uchaguzi wangu, ingawa kuna mambo matatu au manne ambayo duka hilo lilipaswa kuniambia mapema na halikuniambia. Jina lake nitalihifadhi, kwa kuwa sehemu ya nitakayoyasema si ya kulipamba, na kwa kuwa msomaji aliyeko Mtwara au Bukoba atanufaika zaidi na hesabu kuliko na jina la duka lililoko Tanga.

Nyumba yenyewe ilijengwa na marehemu baba mwaka 1986, na mama bado anaishi humo. Iko umbali unaokaribia kilomita moja na nusu kutoka baharini, karibu kiasi kwamba upepo wa kusi huleta chumvi mpaka kwenye vioo vya madirisha. Paa lake lilikuwa la pande nne, la mabati ya migongo midogo yasiyo na rangi, na kwa miaka zaidi ya 30 lilipigwa lami, likapigwa rangi ya fedha, likabandikwa viraka, mpaka mvua za vuli za mwaka 2023, zilizokuja na El Niño, zilipotufikisha mahali pa kupanga ndoo saba sebuleni na kwenye ujia. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Kuvuja kwa paa sijaona ni nafuu ya nani. Tukakubaliana na mama kwamba kazi ifanyike kabla ya masika, maana mafundi wazuri huadimika kuanzia mwezi Machi, na mawingu hayaisubiri nyumba iliyoezuliwa.

Januari 2024 nikakusanya makadirio matatu. La kwanza ni lile la fundi wa uani. Nilipomwomba anieleze anakusudia kununua mita ngapi za bati, alijibu kama 145, na nilipouliza geji, yaani namba ya unene wa bati, akasema geji 32. La pili lilitoka kwa duka hili, shilingi 7,709,000, likiwa limeandikwa kitu kimoja kimoja kwenye karatasi mbili. La tatu lilikuwa shilingi 11,200,000, kutoka kwa muuzaji wa mabati ya vigae, ambaye alikuwa mwungwana na mwenye bidhaa nzuri, lakini sikuona sababu ya kulipia sura ambayo mama hakuiomba. Kuna jamaa aliyenishauri vigae vya udongo kwa sababu ya joto. Ushauri huo niliukataa mara moja, kwa kuwa vigae vya aina hiyo vina uzito unaozidi kilo 40 kwa mita ya mraba, karibu mara kumi ya bati, na kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, za mwaka 1986 zilikusudiwa kubeba bati tu.

Sifa ya kwanza ya duka hili, na ndiyo kubwa kuliko zote, ni kwamba lilimtuma mtu kupanda juu. Alikuja kijana na ngazi, futi ya mkanda na kipima mwinamo, akakaa darini na juu ya paa kwa muda wa saa moja na nusu, na aliposhuka alinionyesha hesabu yake hatua kwa hatua, jambo ambalo wengine wawili hawakulifanya. Kuta za nyumba zina urefu wa mita 12 na upana wa mita 10, hivyo sakafu ni mita za mraba 120, na hapo ndipo fundi wa uani alipoishia. Lakini paa halikatiki mahali ukuta unapokatika. Lina upenu wa sentimita 60 kila upande, kwa hiyo kivuli chake ardhini ni mita 13.2 kwa 11.2, yaani mita za mraba karibu 148. Tena paa halikulala bali limeinama, na kwa mwinamo wa nyuzi 25 kila mita 10 za ardhini huwa mita 11 na kidogo za paa. Ukizidisha unapata mita za mraba 163. Kutoka 120 hadi 163 ni ongezeko la zaidi ya theluthi, na hakuna ujanja wala ulaghai ndani yake, ni kupanda ngazi tu.

Baada ya eneo kuna upana wa bati. Bati nililochagua, lile la migongo mipana ambalo mafundi huliita msauzi, lilikuwa na upana wa sentimita 84 nilipolipima likiwa limelazwa chini, lakini likishalaliana na jirani yake linafunika sentimita 76 pekee. Anayegawanya eneo kwa 84 atapungukiwa, na ndivyo fundi wa uani alivyozipata mita zake 145: aligawa sakafu kwa upana wa dukani. Kijana wa duka aligawa 163 kwa 0.76 akapata mita 215 kwa kukaribia, kisha akaongeza mita 25 kwa ajili ya mabaki ya kukata, kwa sababu paa la pande nne lina kona ambazo kila bati linalozifikia hukatwa kwa mshazari, na kipande kinachobaki mara nyingi hakifai popote. Jumla ikawa mita 240. Nilimuuliza kama tungeokoa fedha kwa kulibadilisha paa liwe la mgongo wa tembo, lenye pande mbili tu. Alinijibu vizuri: eneo la bati lingebaki lile lile, mabaki yangepungua, na kofia, yaani vipande vya bati vya kufunika kilele na kona za paa, zingeshuka kutoka mita 35 hadi 13, lakini ningelazimika kunyanyua kuta mbili za pembetatu kwa tofali na kupiga lipu, na kenchi zote zingebadilika, kwa hiyo akiba ingemezwa na saruji. Muuzaji anayekuambia usinunue mabadiliko ambayo angeweza kukuuzia anastahili kusikilizwa.

Geji ilinichukua siku mbili za kuzunguka madukani, na hapa naomba niruhusiwe kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo fedha za watu wengi zinapopotelea. Kwanza, namba ya geji inakwenda kinyume na unene: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Kwa kipimo kinachofuatwa na wauzaji wengi wa kwetu, geji 32 inakaribia robo ya milimita, geji 30 inapita kidogo milimita 0.3, na geji 28 inakaribia 0.4. Pili, namba iliyopigwa muhuri si ushahidi wa kutosha. Rafiki yangu anayefanya kazi ya kuchonga vyuma aliniazima maikromita, kile kidude cha kupimia unene, nikawa nakitembeza mfukoni kama daktari na kipimajoto chake. Katika duka moja bati lililoandikwa geji 28 lilisoma milimita 0.31, na muuzaji aliposikia akasema hiyo ni "geji 28 ya kibiashara", kauli ambayo mpaka leo sijapata tafsiri yake. Katika duka ninalolitathmini, bati la geji 28 lilisoma 0.38 pamoja na rangi. Si 0.4 kamili, lakini haliko mbali, na meneja hakukasirika kupimiwa bidhaa yake. Aliniomba tu nisipime kwenye ncha iliyopindika.

Tofauti ya bei ilikuwa hivi: geji 30 shilingi 14,000 kwa mita, geji 28 shilingi 18,500. Kwa mita 240 tofauti ni shilingi 1,080,000. Ni fedha nyingi, na kama nyumba ingekuwa Dodoma au Tabora ningechukua geji 30 bila kusita. Tanga, kwa nyumba inayopigwa na upepo wa bahari, nilichukua geji 28, na zaidi ya unene nilisisitiza juu ya ngozi ya bati. Bati la zamani la nyumba yetu lilikuwa limefunikwa kwa zinki peke yake. La sasa limefunikwa kwa mchanganyiko unaoitwa aluzinki, ambao ndani yake asilimia 55 ni alumini, 43.4 ni zinki na 1.6 ni silikoni, kisha juu yake ndipo inapokuja rangi. Mchanganyiko huo hustahimili chumvi vizuri kuliko zinki tupu, lakini haupendi kukwaruzwa, haupendi saruji mbichi, na haupendi kugusana na mbao yenye dawa ya shaba ikiwa bado ina maji. Haya nayajua kwa sababu kiongozi wa mafundi aliyakataa mafungu mawili ya papi, yaani mbao nyembamba za kupigilia bati, zilizofika zikiwa na unyevu, akazianika chini ya mwembe kwa siku tatu kabla ya kuzipandisha. Wakati ule niliona ananichelewesha. Sasa naona alikuwa ananilindia bati.

Bei ya duka ilijumuisha kodi ya ongezeko la thamani, na risiti ya mashine nikapewa bila kuidai. Nalitaja jambo hili kwa sababu katika mizunguko yangu nilikutana na bei mbili zilizoonekana tamu mpaka nilipouliza kama kodi imo, na asilimia 18 ya shilingi 4,440,000, bei ya mabati yangu yote, ni karibu shilingi 800,000, kiasi cha kununulia mbao zote za papi na kubakiwa na chenji ya maana. Makadirio yao yalikuwa na ukomo wa siku 14. Meneja alieleza kwamba roli za bati hununuliwa nje kwa dola, na kwa kuwa wakati ule dola ilikuwa imepita shilingi 2,500, hakuwa tayari kuishikilia bei kwa mwezi mzima. Ni maelezo ya haki, ingawa yana namna ya kumfanya mteja alale akihesabu siku.

Sasa niiweke bili yote wazi. Mabati mita 240 yaligharimu shilingi 4,440,000. Kofia 20 za mita mbili mbili, shilingi 320,000. Mbao zilikuwa papi 60 za mbili kwa mbili, mbao 46 za mbili kwa nne na 14 za mbili kwa sita, zote za futi 12, zikafika shilingi 928,000. Fisha bodi za kuziba ncha za kenchi kuzunguka nyumba nzima, shilingi 224,000. Skrubu zenye raba 280,000, misumari ya mbao 125,000, usafiri 120,000. Kuezua paa la zamani 350,000, kurekebisha kenchi na kuezeka 1,600,000. Gata na mabomba yake 650,000, fundi umeme 150,000, dari 540,000, na kukodi maturubai mawili 90,000. Bati lenyewe, kile kitu ambacho kila mtu huuliza bei yake kwanza na mara nyingi huuliza hicho peke yake, halikufika hata nusu ya fedha: ni asilimia 45. Ukigawanya jumla kwa eneo la paa, kila mita ya mraba ilinigharimu shilingi 60,000 na kidogo.

Kati ya makadirio ya duka na bili ya mwisho kuna pengo la shilingi 2,108,000, na haki inataka niligawe kwa wenyewe. Gata, shilingi 650,000, niliziongeza mimi, kwa sababu mama alitaka kuvuna maji ya mvua kwenye tangi lililokuwa limekaa bure upande wa jikoni. Mbao zilizidi kwa shilingi 328,000 juu ya zile 600,000 zilizokadiriwa, na hapa duka halina lawama hata kidogo: kwenye karatasi yao waliandika waziwazi kwamba hesabu ya mbao ni ya muda na itapimwa upya baada ya kuezua. Hakuna mtu anayeweza kuiona kenchi iliyooza ikiwa bado imefunikwa. Bati lilipoondolewa tulikuta upande wa magharibi mchwa wamepanda kupitia ufa wa ukuta na kula vichwa vya kenchi tano, ilhali upande wa mashariki mbao zile zile za baba, ambazo yeye kwa lugha ya wazee wa pwani aliziita makombamoyo, zilikuwa ngumu kiasi cha kupinda misumari. Kiongozi wa mafundi alizigonga moja moja kwa nyundo, akiisikiliza sauti yake, na zilizolia vizuri alizibakiza. Angeweza kuniambia zote zibadilishwe, na nisingekuwa na elimu ya kubishana naye.

Kuezua ndiko kulikonikera. Karatasi ya duka ilisema "kuezeka", na mimi, kama mtu yeyote, nikadhani kwamba anayeezeka upya ataanza kwa kuondoa la zamani. Siku ya Jumatatu, tarehe 5 Februari, vijana walifika saa moja asubuhi, wakaweka ngazi, kisha kiongozi wao akaniuliza kwa adabu, "Mzee, wa kuezua wako wapi?" Kumbe kwao hizo ni kazi mbili zenye bei mbili. Nilipiga simu dukani, na jibu nililopewa ni kwamba hilo linajulikana. Kwa nani? Shilingi 350,000 si bei mbaya kwa kazi ya kushusha mabati yenye kutu bila kumwumiza mtu, kung'oa misumari na kufagia uwanja, lakini ilitakiwa iwe kwenye karatasi. Lawama hiyo hiyo naiweka kwa fundi umeme na maturubai. Nyaya za nyumba za zamani hupita juu ya dari zikiwa zimefungwa kwenye kenchi, na kazi ya kenchi haianzi mpaka zifunguliwe na mtu anayejua. Vilevile nyumba yenye dari haiachwi wazi usiku, hata kama ni Februari na mbingu ni nyeupe. Usiku wa pili ilinyesha mvua ya nusu saa. Maturubai, ambayo nilikuwa nimeyakodi jioni ile kwa ushauri wa jirani wala si wa duka, yaliokoa vyumba vitatu kati ya vinne.

Lawama ya dari imegawanyika. Ile ya sebule ilikuwa ya hadibodi iliyokwisha kuoza kwa miaka ya kuvuja, na ingeondoka tu. Ile ya chumba cha wageni ilitobolewa na mguu wa kibarua aliyekosea papi, na mguu wenyewe ukaning'inia humo kwa dakika nzima huku mama akiuliza kutoka kitandani kama ni mwizi au ni malaika. Kijana hakuumia, alhamdulillahi. Duka lilikubali kulipia ufundi wa kuirekebisha, mimi nikanunua bodi, na sikuona haja ya kugombana zaidi.

Kuna fedha kidogo iliyorudi. Mabati ya zamani yaliyokuwa na uhai yaligombewa na watu wanne wa mtaani kwa ajili ya mabanda ya kuku na vyoo, mengine yakaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na kwa jumla nilipata shilingi 185,000. Mafundi wengi huyahesabu mabati hayo kuwa ni yao, kwa hiyo ni vizuri jambo hilo lizungumzwe kabla ya ngazi kuegemezwa ukutani. Vipande vya mbao mpya, kwa upande mwingine, nilikataa kuvigawa kuni. Mbao hizo zina rangi ya kijani kwa sababu ya dawa ya kuzuia mchwa, na ndani ya dawa hiyo mna aseniki. Kupika chakula kwa moshi wake ni kujitakia sumu. Majirani wawili waliniona mchoyo, nikawaeleza, mmoja akaelewa. Kwa njia, vipande hivyo hivyo ndivyo vilivyonihakikishia kwamba mbao ni za kweli. Ukikata mbao iliyotibiwa ipasavyo utaiona kijani imepenya ndani, ilhali iliyopakwa rangi tu kwa juu ni nyeupe mara tu msumeno unapopita. Katika mbao za duka hili kijani ilikuwa imepenya.

Kazi iliyopangwa kwa siku sita ilichukua siku tisa. Siku tatu za kuanika papi nilishazitetea. Ubora wa ufundi kwa ujumla ni mzuri: mistari ya skrubu imenyooka, mabati yamelaliana kwa kufuata upepo, yaani ukingo wa juu umeelekea upande usiopigwa na kusi, na skrubu zimepigwa mgongoni badala ya bondeni, mahali maji yanapopita. Walitumia skrubu bila mimi kudai. Misumari ya bati ingepunguza bili, lakini katika upepo wa pwani msumari hulegea kidogo kidogo kwa kila msukosuko, na raba yake ikishapasuka tundu linabaki wazi.

Kasoro moja ya ufundi siwezi kuifumbia macho, nayo ni grenda, ile mashine ya umeme ya kukatia chuma. Mabati ya kona yalikatwa kwa grenda, tena mengine yakakatwa huko huko juu ya paa, na nilipohoji nikaambiwa mkasi wa bati unachelewesha. Ni kweli unachelewesha. Lakini grenda huunguza ngozi ya bati kando ya mkato, na cheche zake ni chembe za chuma cha moto zinazojibandika kwenye rangi na kuanza kupata kutu kwa umande wa kwanza. Mwanzoni mwa Machi upande wa kaskazini ulikuwa umetapakaa vidoa vya kahawia mithili ya madoadoa ya embe lililoiva. Duka lilipopigiwa simu lilimtuma kijana, akafuta, akapaka rangi kando ya mikato yote, na vidoa havijarudi. Hata hivyo dhamana ya miaka 15 waliyonipa, ukiisoma mpaka maandishi madogo ya nyuma, haihusu kingo zilizokatwa, haihusu nyumba iliyo ndani ya kilomita moja kutoka baharini, na inamtaka mwenye nyumba aoshe kwa maji yasiyo ya chumvi sehemu ambazo mvua haizifikii, kama vile chini ya upenu. Sharti hilo la mwisho lina maana, kwa sababu chumvi isiyooshwa na mvua hukaa na kula. Sharti la kwanza ndilo linalonishangaza, kwa kuwa waliokata ni wao.

Mtihani wenyewe ulikuja mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu na kufika maeneo ya Mafia. Tanga hatukuwa katikati ya njia yake, lakini upepo na mvua tuliviona, juu ya masika ambayo tayari yalikuwa makubwa. Hakuna bati lililonyanyuka. Maji yaliingia mahali pamoja tu, kwenye maungio ya kofia ya kona ya kusini magharibi, ambapo kofia mbili zililaliana kwa sentimita nane badala ya 15. Walikuja baada ya siku nne, wakazifungua, wakazivuta, wakaongeza silikoni, na hawakudai hata nauli. Siku nne ni nyingi kwa mtu mwenye ndoo mkononi, ila nakubali kwamba wiki ile kila mwenye nyumba alikuwa akimtafuta fundi.

Joto la mchana halikupungua kwa kiasi nilichotumaini, kwa kuwa mama alichagua rangi ya maruni dhidi ya ushauri wangu wa rangi nyepesi, na hilo si la kuliandikia duka.

Nilikuwa nimezuia asilimia 10 ya malipo ya ufundi, shilingi 160,000, kwa makubaliano yaliyoandikwa kwamba zitalipwa baada ya masika kupita bila kuvuja. Mwezi Juni nilizilipa. Dada yangu ana nyumba Muheza yenye paa la umri unaokaribiana na letu, na ameniomba nimpeleke kwa mafundi hawa hawa. Nitampeleka, na karatasi yake ya makadirio tumeshaiongezea kwa mkono wetu mistari mitatu: kuezua, umeme, maturubai. Mstari wa nne tumeuandika kwa wino mwekundu: bati likatwe kwa mkasi, na likatwe chini.